Kitufe cha 'Funga' chala mauzo ya mwisho ya siku

HESABU za siku zinapofungwa jioni, mwenye duka hutazama vitu viwili: fedha iliyomo kwenye droo na orodha ya wadaiwa iliyomo kwenye kompyuta. Vyote vikikaa sawa, anafunga mlango na kwenda nyumbani. Visipokaa sawa, wa kwanza kutiliwa shaka ni karani. Hata hivyo, katika maduka na ofisi zinazotunza vitabu kwa programu ya Microsoft Access, yupo mtuhumiwa mwingine ambaye ni nadra kuhojiwa. Naye ni kitufe kidogo kilichoandikwa "Funga" kwenye fomu ya mauzo.

Kitufe hicho hakigusi fedha. Kazi yake ni kuifunga fomu tu. Lakini pale fomu inapokuwa na kasoro fulani, na fundi aliyeitengeneza akawa hakuchukua tahadhari, kitufe huifunga fomu na kuyatupa maandishi yaliyokuwemo bila kutoa neno. Karani anaona fomu imetoweka kama inavyotoweka kila siku, anaamini mauzo yameingia kitabuni. Hayakuingia.

Bei iliyoleta wateja

Access ni kanzidata ya mezani, yaani ghala la kumbukumbu linalokaa kwenye kompyuta ya ofisi yenyewe au kwenye mtandao mdogo wa ofisi, bila kuhitaji mtambo mkubwa wa gharama. Ilitoka Novemba 1992 kwa bei ya kuvutia wateja ya dola 99 za Marekani, wakati bei yake ya orodha ilikuwa dola 695. Soko la wakati huo lilikuwa uwanja wa vita. Borland ilikuwa imeinunua Ashton-Tate, wenye dBase, mwaka 1991. Microsoft nayo mwaka 1992 ikainunua Fox Software, watengenezaji wa FoxPro, kwa hisa zenye thamani ya dola zipatazo milioni 173. Wakubwa walipogombania wateja, bei ikashuka, na biashara ndogo ambazo hazikuwa na fungu la kununulia programu ya kumbukumbu zikaipata. Baadaye Access ikawekwa ndani ya furushi la Office la toleo la Professional, hivyo wengi waliinunua pamoja na Word na Excel hata kabla hawajajua watakavyoitumia.

Urithi wa bei hiyo bado upo. Ni jambo la kawaida kukuta ofisi yenye faili moja la Access lililotengenezwa na fundi ambaye ameshahama, likahamishwa kutoka kompyuta ya zamani hadi mpya, kutoka toleo moja hadi lingine, na ndani yake ndimo yalimo madeni ya wateja wote. Aliyelijenga hayupo, na wanaolitumia hawajui lilivyojengwa.

Penseli pembeni mwa fomu

Mwenye duka hahitaji kuwa fundi ili kuuelewa mkasa huu. Inatosha kujua kwamba fomu si kitabu. Kitabu ni jedwali lililo ndani ya faili. Fomu ni dirisha la kuandikia. Karani anapoanza kuandika, maandishi yake hukaa kwanza dirishani, na alama ndogo ya penseli hutokea kwenye ukingo wa kushoto wa fomu. Penseli ikionekana, maana yake maandishi hayajaingia kitabuni. Yataingia karani atakapohamia rekodi nyingine, atakapoagiza kuhifadhi, au atakapoifunga fomu. Yakishaingia, penseli huondoka.

Mafundi wengi huuficha ukingo huo ili fomu ipendeze. Fomu hupendeza kweli, ila karani anakuwa amenyang'anywa ishara ambayo ingemwambia kwamba kazi yake bado iko hewani.

Utaratibu huu wa kuhifadhi wenyewe kwa wenyewe ni mzuri, kwa kuwa karani hahitaji kukumbuka kuhifadhi kila anapomaliza mteja. Taabu huanza pale rekodi inapokuwa na kasoro inayoizuia kuingia kitabuni.

Chukua mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Fundi ameweka sharti kwamba tarehe ya kulipa deni lazima ijazwe. Bila tarehe jedwali halipokei. Sharti ni la haki, maana deni lisilo na tarehe ni zawadi. Saa kumi na moja na nusu jioni anaingia mteja wa siku nyingi, anachukua mifuko 40 ya saruji kwa mkopo, tuseme kwa shilingi 17,000 kila mfuko, jumla shilingi 680,000. Kuhusu tarehe anasema atapiga simu kesho. Karani anaandika jina, bidhaa, idadi na bei. Kisanduku cha tarehe anakiacha wazi kwa nia ya kukijaza kesho. Kisha anabonyeza "Funga".

Fomu inafungwa. Hakuna ujumbe, hakuna mlio. Kesho yake mteja akipiga simu, karani ataitafuta rekodi na hataiona. Akiwa na kumbukumbu nzuri ataiandika upya huku akijilaumu kwamba labda jana hakuiandika. Lakini kama mteja hakupiga simu, na mwisho wa mwezi taarifa za madeni zikatolewa kwenye kompyuta, mteja huyo ataandikiwa deni pungufu kwa shilingi 680,000. Kama faida ya duka kwa mfuko mmoja ni shilingi 500, basi itabidi mifuko 1,360 mingine iuzwe ndipo faida yake ifikie fedha hiyo iliyopotea.

Hasara haiishii hapo. Saruji yenyewe imekwishatoka. Stoo ikihesabiwa, mifuko 40 itakuwa haipo na kitabu kitasema haikuuzwa. Atakayeitwa kwa tajiri kujieleza ni mtunza stoo, mtu ambaye hata hakuigusa kompyuta.

Kinachofanya kosa hili lidumu miaka bila kugunduliwa ni kwamba halipotezi kila kitu. Rekodi inayopotea ni ile moja iliyokuwa kwenye kioo wakati wa kufunga. Mauzo yaliyotangulia yaliingia kitabuni kila karani alipohamia rekodi mpya, na kama yangekuwa na kasoro, Access ingekataa kuhama na ingesema sababu. Siku yenye mauzo 60, yatapatikana 59. Ni nani atakayeishuku mashine iliyotunza 59 salama? Kwa sababu hiyo hiyo, karani mwenye tabia ya kuifunga fomu kila anapomaliza mteja mmoja yuko katika hatari kubwa kuliko mwenzake anayeiacha wazi kutwa na kusonga mbele rekodi kwa rekodi.

Milango miwili

Fomu ya Access inaweza kufungwa kwa njia mbili, na tofauti kati yake ndiyo kiini cha jambo hili.

Karani akitumia alama ya X iliyo kwenye kona ya fomu, Access hulalamika. Kwanza hutoa ujumbe kwamba kisanduku fulani lazima kijazwe. Kosa hilo namba yake ni 3314. Kisha hufuata ujumbe wa pili, namba 2169, unaosema kwamba rekodi haiwezi kuhifadhiwa kwa sasa, na kwamba fomu ikifungwa mabadiliko yatapotea. Halafu huuliza kama mtumiaji anataka kufunga hivyo hivyo. Karani mwenye haraka ya kuwahi basi anaweza kujibu ndiyo, na rekodi itapotea. Lakini ameambiwa, na asiseme hakuambiwa.

Njia ya pili ni kitufe cha "Funga" kilichotengenezwa na fundi. Nyuma ya kitufe hicho kwa kawaida kuna agizo moja fupi, "DoCmd.Close". Agizo hilo likikuta rekodi isiyoweza kuhifadhiwa, fomu hufungwa na rekodi hutupwa bila swali. Agizo la kufunga lililowekwa ndani ya makro nalo lina hatari hiyo hiyo. Waandishi wa programu wameijua tabia hii tangu miaka ya 1990, na Allen Browne wa Perth, Australia, ambaye miongozo yake kuhusu Access ilisomwa sana na mafundi, aliiandikia onyo mahususi. Pamoja na hayo, agizo hilo moja tupu bado ndilo linaloandikwa na anayejifunza, kwa kuwa ni fupi na kwa kuwa siku ya majaribio hufanya kazi bila matatizo. Siku ya majaribio visanduku vyote huwa vimejazwa.

Wapo mafundi wanaodhani wamejikinga kwa kuongeza neno "acSaveYes" mwishoni mwa agizo hilo. Jina lenyewe linadanganya. Linaagiza kuhifadhi umbo la fomu, yaani upana wa visanduku, rangi na mpangilio. Maandishi ya karani hayamo. Fundi akishaliona neno hilo kwenye maagizo yake hulala usingizi, naye hajalinda chochote.

Dawa

Dawa ni kuitenganisha kazi ya kuhifadhi na kazi ya kufunga, na kuhifadhi kutangulie. Nyuma ya kitufe huandikwa mistari miwili:

If Me.Dirty Then Me.Dirty = False
DoCmd.Close acForm, Me.Name

Mstari wa kwanza unauliza kama kuna maandishi ambayo hayajaingia kitabuni, na kama yapo unayalazimisha yaingie. Yakikataliwa, kosa linatokea hapo hapo, mbele ya macho ya karani, na mstari wa pili haufikiwi. Fomu inabaki wazi, maandishi yakiwa yote mahali pake, na karani anaona kwamba tarehe haijajazwa. Mstari wa pili nao umetaja jina la fomu kwa makusudi. Agizo la kufunga lisilotaja jina hufunga dirisha lolote lililo mbele kwa wakati huo, na hilo huenda lisiwe fomu ya mauzo.

Lakini dawa hii ina adui, naye ni mstari mwingine ambao mafundi wengi huupenda: "On Error Resume Next", yaani likitokea kosa, endelea na mstari unaofuata. Ukiwekwa juu ya mistari ile miwili, dawa inageuka maji. Kuhifadhi kutashindikana, kosa litamezwa, mstari wa pili utatekelezwa, na fomu itafungwa kimya kama zamani. Mwenye duka atakayeambiwa na fundi kwamba "ujumbe wa makosa sasa hauji tena" ana haki ya kuuliza umeondolewaje.

Swali hilo linahusu pia ujumbe 2169. Upo utaratibu ndani ya fomu unaomruhusu fundi kuukamata ujumbe huo usionyeshwe, na wapo wanaoutumia baada ya kuchoshwa na simu za makarani. Kuunyamazisha ujumbe hakuifanyi rekodi iweze kuhifadhiwa. Kama fundi anaukamata, basi auweke ujumbe wake mwenyewe kwa Kiswahili kinachoeleweka, unaotaja kisanduku kinachotakiwa kujazwa.

Ujumbe unaotisha bila sababu

Baada ya marekebisho hayo, karani anaweza kuanza kuona namba mpya ambazo zamani hazikuwepo, na ofisi ikadhani mambo yameharibika zaidi. Baadhi ni dalili ya afya.

Namba 2501 ndiyo inayopigiwa kelele zaidi. Inasema kwamba kitendo cha kufunga kimefutwa. Maana yake ni kwamba agizo la kufunga lilitolewa, kisha sehemu nyingine ya programu, kwa kawaida ukaguzi uliowekwa na fundi, ikakataa. Kwa hiyo ukaguzi umefanya kazi yake. Hapa fundi anaruhusiwa kuikamata namba hiyo moja na kuipuuza, mradi aitaje kwa namba na asiyapuuze makosa yote kwa pamoja.

Namba 2101 inachanganya zaidi, kwa sababu inasema tu kwamba kilichowekwa hakifai kwa sifa husika. Hutokea pale mstari ule wa "Me.Dirty = False" unapokutana na ukaguzi uliokataa rekodi. Tafsiri yake dukani ni fupi: haikuhifadhiwa. Fundi mwangalifu huibadilisha ikasema hivyo.

Namba 2450 ni ya aina nyingine. Inasema Access haiioni fomu iliyotajwa. Hutokea pale fomu moja inapoitegemea nyingine, kwa mfano fomu ya ankara inayosoma jina la mteja kutoka fomu ya wateja, na karani akaifunga ya wateja kwanza. Hapa karani hana kosa. Makarani hufunga madirisha kwa mpangilio wowote, na programu inayotaka yafungwe kwa zamu imejengwa vibaya. Fomu inayohitaji taarifa ya mwenzake inapaswa kwanza kuangalia kama mwenzake bado yuko wazi.

Aidha, mahali pa kuweka ukaguzi ni suala ambalo mafundi wachanga hukosea. Fomu yenye maandishi mapya inapofungwa, mambo hutokea kwa mfuatano: kwanza tukio la "BeforeUpdate", kabla rekodi haijaingia kitabuni, baadaye "Unload", fomu inapotaka kuondoka, mwisho "Close". Mawili ya kwanza yanaweza kusimamishwa. La mwisho haliwezi. Ukaguzi wa rekodi mahali pake ni "BeforeUpdate". Ukiwekwa kwenye "Close" unakuwa kama mlinzi anayekagua mizigo baada ya lori kuondoka.

Access 97 iliyokataa kuondoka

Wenye umri wa kukumbuka Access 97 watakumbuka kinyume cha tatizo hili. Karani alikuwa akibonyeza kutoka, na badala ya kuondoka, programu ilijikunja ikawa kibonye chini ya kioo na kubaki pale. Akiifungua ilirudi, akiifunga ilijikunja tena. Ilibidi izimwe kwa nguvu, jambo ambalo si zuri kwa faili la kumbukumbu.

Chanzo kimoja kilikuwa maagizo yaliyofungua orodha ya rekodi bila kuifunga baada ya kuitumia, hivyo Access ilijiona bado ina kazi. Kingine kilikuwa kidogo kiasi cha kuchekesha: fundi aliyeandika "kama kisanduku cha tiki" bila kumalizia "ni kweli" aliacha kumbukumbu iliyoning'inia, na programu nzima ikashindwa kuondoka kwa sababu hiyo. Waliozoea kuandika sentensi kamili na kuifunga kila orodha waliyoifungua waliepukana na adha hiyo, na tabia hizo zimebaki kuwa desturi nzuri ya kazi hadi leo.

Kufunga faili lenyewe

Kufunga fomu ni hatua moja, kufunga faili zima ni nyingine. Faili la Access linapofunguliwa, hutokea kando yake faili dogo lenye jina lile lile na mkia wa ".ldb", au ".laccdb" kwa mafaili ya mtindo ulioanza na Access 2007. Hilo ndilo daftari la mlangoni linaloonyesha kompyuta zilizo ndani. Mtu wa mwisho akitoka, hufutika lenyewe. Likibaki baada ya kila mtu kutoka, huenda kompyuta moja bado imeshikilia, au ilizimika ghafla, au mtumiaji hana ruhusa ya kufuta vitu kwenye folda hiyo ya mtandao. Mhasibu anayetaka kunakili faili la siku aangalie kwanza kama daftari hilo limeondoka.

Umeme ukikatika wakati faili liko wazi, Access inaweza kulikataa asubuhi na kutaka litengenezwe. Agizo la kubana na kutengeneza lipo. Hadi Access 97 yalikuwa maagizo mawili, tangu Access 2000 yameunganishwa, na toleo hilo hilo likaleta chaguo la kubana faili kila linapofungwa. Chaguo hilo linavutia kwa kuwa faili la Access huvimba kadiri linavyotumika, na ukomo wake ni gigabaiti 2. Lakini kubana ni kuliandika faili upya kuanzia mwanzo, na saa ya kufunga ndiyo saa ambayo karani huzima swichi ukutani bila kusubiri. Nakala ya akiba kwanza, kubana baadaye, ndio mpangilio wa busara. Na kubana kukifanywa na mtu mmoja mara moja kwa wiki kunatosha duka la kawaida.

Jaribio la dakika tano

Mwenye duka asiye na fundi karibu anaweza kujua leo hii kama kitufe chake ni cha hatari. Afungue fomu ya mauzo, aanze rekodi mpya ya jina la kubuni, aache wazi kisanduku kimoja ambacho ni lazima kijazwe, kisha abonyeze "Funga". Fomu ikikataa na kueleza sababu, hana neno. Abonyeze Esc kufuta majaribio yake. Fomu ikitoweka kimya, aifungue tena na kuitafuta rekodi ile. Asipoiona, ameshapata jibu. Wakati akimsubiri fundi, makarani waambiwe wasikitumie kitufe hicho, na kabla ya kufunga fomu wahamie kwanza rekodi nyingine. Rekodi yenye kasoro itakataa kuhama.

Kujua yaliyopotea zamani ni kazi ngumu zaidi, ila kuna alama za nyayo. Jedwali nyingi za Access zina namba inayojiongeza yenyewe. Katika mafaili ya kawaida ya Access, namba hiyo hutolewa mara tu karani anapoanza kuandika, na rekodi ikitupwa haitolewi tena kwa rekodi inayofuata. Mfululizo unaokwenda 4117, 4118, 4120 una pengo, na pengo hilo huenda ndiyo saruji ya mfano wetu. Huenda tu, kwa sababu karani aliyeghairi kwa Esc, au aliyefuta rekodi kihalali, naye huacha pengo. Hiyo ndiyo sababu wahasibu hawapendi namba hiyo itumike kama namba ya ankara. Kwa uchunguzi, hata hivyo, ni msaada mkubwa: mapengo yakijirudia mwisho wa zamu, siku baada ya siku, kitufe ndicho cha kuulizwa kabla ya karani.

Kwa Tanzania upo ushahidi mwingine. Mashine za EFD za kutolea risiti, zilizoanza kutumika mwaka 2010, hutoa ripoti ya Z ya kila siku yenye jumla ya mauzo yaliyopitia kwenye mashine. Kuiweka jumla hiyo kando ya jumla ya kanzidata kila jioni kunachukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai, na tofauti ikionekana siku hiyo hiyo, karani bado anamkumbuka mteja.

Leseni na matoleo

Kwa upande wa gharama, si lazima kila kompyuta ya duka iwe na Access kamili. Tangu Access 2007, Microsoft imekuwa ikitoa bila malipo toleo la kuendeshea tu, liitwalo Access Runtime, ambalo linafungua fomu na ripoti lakini halimruhusu mtumiaji kubadilisha umbo lake. Duka lenye kompyuta nne linaweza kununua leseni moja kwa ajili ya fundi na kuweka Runtime kwenye zilizobaki. Wanaofikiria kununua matoleo ya zamani kwa bei ya chini wazingatie kwamba msaada wa Microsoft kwa Access 2016 na Access 2019 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Anayehamia Runtime atangulize marekebisho ya vitufe. Katika Access kamili, kosa ambalo fundi hakuliandalia njia huleta ujumbe na karani anaweza kuendelea na kazi. Katika Runtime kosa kama hilo huizima programu yote papo hapo, fomu zote zikiwa wazi. Mistari miwili ile ya kuhifadhi na kufunga ikiwekwa bila kuandaliwa njia ya makosa, karani atakayesahau tarehe ya kulipa atajikuta ametolewa nje ya programu, na rekodi yake haitakuwemo kitabuni.